Nyundo Ndani ya Kabati

Wiki nzima mmenisumbua, tangu nilipoikata hadithi yetu nyundo ikiwa hewani. Muuza magazeti kanishika mkono wa shati, jirani kanigongea ukuta, na mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuniuliza hata habari za afya, kanipigia simu nikiwa bado nimelala: "Mwanangu, ile nyundo ilishuka au haikushuka?"

Ilishuka.

Ilishuka kwa nguvu zote za Fundi Bati, mtu aliyemaliza nusu ya umri wake juu ya mapaa akipigilia misumari. Nyuki, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa juu ya meza ya mitambo, alifumba macho. Komeo, kaka yake, alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono imefungwa mbele kwa waya wa spika. Yeye hakufumba. Aliona kuangalia ndiyo kazi pekee aliyobakiwa nayo kama kaka.

Chuma kililia. Vipande viliruka, kimoja kikampasua Nyuki shavu, damu ikamchuruzika mpaka kwenye kola.

Lakini vidole vilikuwa palepale, vyote. Nyundo ilikuwa imetua shubiri moja pembeni, juu ya mtambo mmoja wa santuri, na mtambo ule usingeimba tena.

"Hiyo ilikuwa hodi," alisema Fundi Bati. "Ya pili naingia ndani."

Wewe unayetufungua leo kwa mara ya kwanza, usijali, vuta kiti. Kabati ni klabu iliyo chini ya duka la mbao, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya mlangoni, wa kaunta anakwambia pole. Humo hakuna gitaa wala mwimbaji. Unapigwa muziki wa mashine mtupu, besi juu ya besi. Hufunguliwa Jumapili mchana, jua likiwa kali huko nje, kwa sababu majirani waliapa kuichoma moto ikithubutu kupiga usiku. Dijei ni Nyuki. Baunsa wa mlangoni ni Komeo.

Mwezi uliopita mdogo wake Fundi Bati, kitinda mimba wao, alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyuma za klabu hiyo, kichwa kimepondeka. Polisi walisema aliteleza. Fundi Bati hakuwaamini polisi. Alimwamini shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyeapa kwamba siku ile alikuwa ndani na alisikia kila kitu, na kwamba muuaji ni Komeo.

Leo wawili hao walilipa kiingilio kama wateja. Wakafunga mlango wa chuma kwa mnyororo na kufuli, wakamlaza Komeo kwa mpini wa nyundo, na sasa Shemeji alikuwa amesimama nyuma ya Nyuki, panga shingoni mwake. Wachezaji thelathini na kitu walikuwa wamejibana ukutani, hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Sasa tumekutana wote. Tuendelee.

"Niue mimi, fundi," alisema Komeo. Mdomo ulikuwa umemjaa damu na meno ya mbele yanacheza. "Kama ni baunsa unamtaka, baunsa mimi hapa. Huyu anapiga muziki tu."

"Zamu yako ipo. Usinipangie foleni."

"Ni mdogo wangu!"

"Na mimi nilikuwa na mdogo wangu," alijibu Fundi Bati, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipasuka. "Nilimlea tangu ananyonya. Mama alikufa, nikamkorogea uji kwa mikono hii hii. Kwa hiyo usinifundishe habari za wadogo."

Komeo aliujua mzigo huo. Naye mama yao alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia neno moja tu: mtazame mdogo wako. Tangu siku ile hakuwa na mke, hakuwa na nyumba, alikuwa na Nyuki. Hata kazi ya ubaunsa aliichukua ili awe mlangoni Nyuki akiwa ndani. Muziki wenyewe hakuupenda. Alikuwa anaziba masikio kwa pamba.

Fundi Bati aliwageukia watu waliokuwa ukutani.

"Nisikilizeni. Mdogo wangu alikuwa ananiambia, kaka, pale ndipo mahali pekee ninapojiona mtu. Shemeji yangu huyu ananiambia hapa ni machinjio. Majirani wanasema ni wazimu mtupu. Nimechoka. Leo mtaniambia ninyi wenyewe mnaokuja. Mdogo wangu alifia mahali pa namna gani? Mkiniambia pazuri, na nikaamini, naondoka nikamlilie kwa amani. Mkiniambia pabaya, basi mikono ya huyu binti ndiyo iliyokuwa inamwita hapa kila Jumapili, na mikono hii nitaimaliza. Kila aibu mtakayoitaja, kidole."

"Shemeji, unawauliza nini hawa?" alinong'ona Shemeji. "Maliza kazi tuondoke."

"Nyamaza. Wewe mwenye shati la njano, njoo mbele. Hapa pakoje?"

Mwenye shati la njano alikuwa Kinyozi. Ilikuwa bahati njema iliyoje! Hakuna mtu aliyeipenda Kabati kama Kinyozi. Alikuwa anafunga duka lake la kunyolea Jumapili, siku ambayo wenzake wanapata wateja kuliko siku zote, ili awahi kusimama mbele ya spika. Komeo alishusha pumzi.

Lakini ngoja nikuambie tabia moja ya watu wa Kabati. Klabu yao hawaisifii, ni mwiko. Waliwahi kuwa na klabu nyingine kabla ya hii, wakaisifu mjini kote, ikajaa watu wa kupiga picha, kiingilio kikapanda, wenyewe wakajikuta wako nje. Wakaapa kwamba hii wataitukana. Komeo ndiye aliyeanzisha mchezo wa mlangoni. Anakuuliza, "Unakwenda wapi?" Unatakiwa kujibu, "Jaani," yaani kwenye takataka. Ukijibu vingine unarudi mwisho wa foleni. Mtu akijibu hivyo kila Jumapili, ulimi unazoea njia na haumsubiri tena mwenyewe.

"Nimeuliza, hapa pakoje?" alinguruma Fundi Bati.

Jasho lilimwingia Kinyozi machoni, na ulimi ukatoka wenyewe.

"Jaani, mzee! Jaa tupu!"

Halafu akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Huu uliponza kidole cha mtu mwingine.

Nyundo ilishuka.

Safari hii haikukosea. Kilisikika kitu kidogo tu, kama kijiti cha kuwashia moto kinapovunjwa, kisha Nyuki akapiga yowe lililowafanya watu wageuze nyuso ukutani. Kidole chake cha mwisho kilikuwa kimelala upande ambao kidole hakilali.

Komeo aliruka na mikono yake iliyofungwa. Hakufika. Fundi Bati alimpokea kwa buti la mbavuni, akamwongeza la pili, na la tatu likamgeuza chali. Komeo alitema jino moja.

"Hakumaanisha!" alilia Komeo. "Ni mchezo wetu! Ni salamu!"

"Mnasalimiana kwa matusi?"

"Ndiyo!"

"Sasa unaona ni watu wa aina gani," alisema Shemeji, akacheka puani.

Kinyozi alikuwa ameanguka sakafuni, analia kama mtoto. "Nisamehe Nyuki, nisamehe dada yangu, ulimi tu, ulimi tu..." Komeo alitamani kumkaba. Papo hapo akakumbuka mchezo ule kaanzisha nani, na uchungu ukamgeukia yeye mwenyewe.

"Mwingine," alisema Fundi Bati, akapangusa nyundo kwenye suruali.

Hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja mfupi, mnene, wa makamo, alijitoa ukutani bila kuitwa. Alikuwa Muuguzi. Alimwangalia Nyuki mkono, akaangalia panga, akamwangalia Fundi Bati usoni kama anavyoangaliwa mgonjwa msumbufu.

"Kaka yangu, mimi ni muuguzi. Wodi yangu ni ya walioungua moto. Wiki nzima nasikia watu wanalia. Nikienda kulala, wanaendelea kulia humu kichwani. Nikishuka hapa, siwasikii. Hata nikipiga kelele mimi mwenyewe, sijisikii. Natoka nimetulia, na Jumatatu naosha vidonda vya watu mkono hautetemeki. Unaniuliza hapa pakoje? Pazuri. Sijawahi kulitamka neno hilo humu ndani, wenzangu hawa ni mashahidi. Leo nalitamka."

Nyundo ilishuka kidogo, mpaka usawa wa paja.

"Ulimjua mdogo wangu?"

"Nilimjua. Alikuwa anacheza pale, karibu na nguzo."

"Alikuwa anachezaje?"

"Vibaya," alisema Muuguzi. "Kama mtu aliyekanyaga siafu. Lakini anafumba macho, anacheka peke yake. Sijaona mtu mwenye raha vile."

Midomo ya Fundi Bati ilicheza, ikawa kama anataka kucheka, na chozi likamshuka mpaka kwenye ndevu. Aliitazama ile nguzo kwa muda mrefu. Komeo alianza kupata tumaini.

Shemeji naye aliliona tumaini lile, akaharakisha kulikanyaga.

"Anakulaghai! Hawa ndio waliomzunguka. Kama unataka ukweli, muulize yule mwenye tai. Huyo tangu tuingie amekunja uso kwenye kaunta."

Roho za watu zilishuka miguuni. Mwenye tai alikuwa Karani.

Karani hakuipenda Kabati hata kwa dawa. Alikuja kila Jumapili kwa sababu mchumba wake aliipenda, akakaa kwenye kaunta amekunja mikono, mpaka muziki uishe amsindikize kwao. Ubaya zaidi, Karani hakuwa na uwezo wa kusema uongo. Huyu ndiye aliyemwambia mama mkwe wake mtarajiwa, siku ya kwanza kukaribishwa, kwamba mchuzi hauna chumvi.

"Sema pazuri," mchumba wake alimnong'oneza, akimminya mkono. "Neno moja tu. Nakuomba."

Karani alisogea mbele. Alikitazama kidole cha Nyuki.

"Sipapendi," alisema.

Mchumba wake akaziba uso.

"Endelea," alisema Fundi Bati.

"Joto. Dari linadondosha jasho la watu, linakuingia mdomoni. Choo hakifungi, mpaka umweke mtu nje akulindie. Muziki wenyewe, samahani dada Nyuki, ni jenereta lenye njaa. Na kubwa kuliko yote, humu husikii kitu. Hata kidogo. Mtu anakupigia kelele mbele ya uso wako, unaona meno tu. Humu watu wote wanaongea kwa mikono kama mabubu. Wana ishara ya maji, ishara ya mlango, ishara ya nimechoka, ishara ya nifuate. Nimezijua zote bila kupenda. Nilimwomba huyu posa humu humu, hakunisikia, ikabidi nirudie kituoni tukisubiri basi. Ndiyo hayo."

"Joto, dari, choo, muziki, kelele," alisema Fundi Bati taratibu, akiikunjua ngumi ya Nyuki kidole baada ya kidole. "Mkono mzima umekwisha, binti."

"Kaka!" alipiga kelele Nyuki.

Nyundo ilipanda.

"Subiri!" Komeo alijiinua kwa magoti, damu inamtoka puani. "Fundi, subiri! Nakuomba kwa kaburi la mdogo wako, nisikilize neno moja, kisha anza na kichwa changu!"

Nyundo ilisimama hewani. Labda ni lile neno kaburi.

"Hawa wawili wanapingana kwa kila kitu," Komeo alisema mbiombio. "Muuguzi anapapenda, Karani anapachukia. Lakini kuna neno moja wamekuambia wote. Umelisikia?"

"Neno gani?"

"Humu husikii! Mmoja ndilo linalomleta, mwingine ndilo linalomkera, lakini ni neno lilelile. Sasa muulize shemeji yako: yeye alisikiaje?"

Shemeji alibadilisha mkono wa kushikia panga.

"Shemeji," alisema Fundi Bati bila kugeuka. "Niambie tena ulivyoniambia."

"Sasa unamsikiliza muuaji?"

"Niambie tena."

"Nilisimama pale, kwenye lile spika kubwa. Nikamsikia marehemu analia huko ngazini. Anasema, 'Komeo, usiniue.' Nilikwambia."

"Muziki ulikuwa unapigwa?"

"Si ni klabu? Ulikuwa unapigwa."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu ilianzia kwenye spika ikaishia ngazini.

"Nenda kasimame ulipokuwa umesimama," alisema Fundi Bati. "Binti, washa."

"Shemeji, huu ni upuuzi..."

"Nimesema nenda!"

Shemeji alimwachia Nyuki shingo. Akavuka sakafu polepole, panga mkononi, akasimama mbele ya spika lililomzidi urefu, akawageuzia watu mgongo. Nyuki, uso umelowa machozi na damu, alinyoosha mkono wake mzima kwenye mtambo uliobaki.

Besi iliingia.

Haikuingia masikioni. Iliingia kifuani, ikashuka tumboni, ikatetemesha chupa kwenye kaunta na vumbi likaanza kudondoka darini. Fundi Bati alirudi hatua moja, maana hakuwahi kukutana na kitu kama kile. Watu wa Kabati walisimama palepale. Walikuwa wamerudi nyumbani kwao.

Komeo hakupoteza muda. Vidole vyake vilikuwa huru ingawa vifundo vya mikono vimefungwa. Alimtazama Kinyozi, akampa ishara: yule, mkono wa kulia, nikienda twende. Kinyozi, macho mekundu, akajibu kwa ishara ya ndiyo. Nyuma yake wengine wawili watatu walijibu vilevile. Mazungumzo yote yalipita mbele ya pua ya Fundi Bati, naye akadhani ni watu wanaokuna mikono.

Fundi Bati alikwenda mpaka nyuma ya Shemeji, karibu kiasi cha kumgusa. Akavuta pumzi. Akamtukania mama.

Fikiri kidogo, msomaji. Mama wa Shemeji ni mama mkwe wa Fundi Bati mwenyewe. Tusi lile halisemeki hata kwa mlevi, na alilisema kwa sauti yake yote, mishipa ya shingo imesimama.

Shemeji hakugeuka.

Akamtukania tena, la pili baya kuliko la kwanza. Kisha akamgusa bega. Shemeji akageuka haraka, akaona mdomo wa Fundi Bati unacheza, akadhani anaulizwa kama anasikia. Akatabasamu. Akatikisa kichwa kukubali, na juu yake akaongeza dole gumba.

Uso wa Fundi Bati ulibadilika. Komeo, aliyekuwa anautazama kutoka sakafuni, aliona hasira inaondoka na kitu kibaya kuliko hasira kinaingia. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyu alikuwa amekula naye sahani moja, amezika naye, amelia naye makaburini.

Shemeji naye aliusoma uso ule. Tabasamu likamfia.

Panga lilikuwa la kwanza. Lilimpata Fundi Bati begani, likazama, na damu ikaruka mpaka kwenye kitambaa cha spika. Nyundo ikamdondoka. Panga likapanda tena, safari hii likiitafuta shingo.

Halikufika. Kinyozi alikuwa ameruka na kuuning'inia mkono ule kwa uzito wake wote. Panga lilimchana kuanzia kiwiko mpaka kifundoni, lakini Kinyozi hakuachia, akauma na meno. Komeo alikuja mbio ameinamisha kichwa, akamgonga Shemeji tumboni, wakaanguka wote kwa mkupuo. Mtu mmoja akalikanyaga panga. Mwingine akalivuta.

Kelele hazikuwepo. Watu walifungua midomo, wakapigana, wakalia, na besi ikameza kila kitu. Shemeji alimtia Komeo kidole jichoni. Komeo akampiga kipaji kwa kipaji mpaka akaona nyota, akampiga tena, akamkalia kifuani.

Fundi Bati alikuwa ameiokota nyundo kwa mkono wake mzima. Aliishusha kwenye goti la Shemeji. Kisha kwenye goti la pili. Shemeji alijikunja kama karatasi inayoungua, mdomo wazi, na hakuna aliyesikia chochote.

Fundi Bati alipiga magoti, akamshika nywele, akatega sikio mdomoni mwake. Komeo, akiwa bado juu ya kifua kile, aliinama akatega lake.

"Sikuwa na ufunguo!" Shemeji alikuwa anapayuka. "Mlango wa nyuma unafungwa kwa ndani! Kuna aliyenifungulia! Mtu wa humu humu ndani!"

Wangemwacha aendelee, tungelijua jina. Lakini Fundi Bati alikuwa amesikia neno moja tu katika yote yale, neno la mtu anayekiri. Nyundo ilishuka mara ya mwisho, na haikushuka gotini. Komeo alihisi kifua alichokikalia kikipanda, kikishuka, kisha kikakaa hivyo hivyo.

Besi iliendelea.

Komeo alibaki pale, damu ya mtu mwingine imemtapakaa usoni, na hesabu moja ikamjia kichwani bila kuiita. Funguo za mlango wa nyuma ziko mikononi mwa watu wawili tu. Mmoja ni yeye, naye wake anautundika shingoni hata akioga. Wa pili...

Aliinua macho kwenye meza ya mitambo.

Fundi Bati naye alikuwa amesimama. Akili ilikuwa imemfikia taratibu. Bega linachuruzika, alizunguka akiwatazama watu mmoja mmoja, akauonyesha mlango wa nyuma kwa nyundo, akageuza ngumi yake kama anayefungua kufuli, akainua uso kuuliza. Hakuhitaji sauti. Nani?

Watu walitazamana.

Nyuki alikuwa anamtazama kaka yake. Alikuwa mweupe midomo. Aliinua mikono yote miwili, ule mzima na ule wenye kidole kilichovunjika, akaongea kwa ishara, polepole, kama alivyozoea kuongea naye kutoka meza ya mitambo mpaka mlangoni.

Mlango.

Mimi.

Nilifungua.

Alitaka kuongeza la nne. Komeo aliona viganja vyake vinatafutana, akamwombea avifikishe, maana huenda ndani ya ishara ile ndimo lilimokuwa neno la kumwokoa. Lakini kidole kilichovunjika kilikataa. Nyuki alipepesuka, akaanguka kifudifudi juu ya mtambo, na muziki ukakatika.

Ukimya uliofuata uliuma masikio. Komeo alitambaa mpaka kwake, akamkinga kwa mgongo.

"Anasema nini?" aliuliza Fundi Bati. Sauti yake ilikuwa kubwa mno kwa chumba kile. "Yale ya mikono. Amesema nini?"

"Maji," alisema Komeo. "Anaomba maji."

"Maji? Kwa mikono yote ile?"

"Ameumia, fundi. Anaomba maji na kupumzika."

Fundi Bati alimgeukia Muuguzi. "Dada. Wewe umeniambia habari za mdogo wangu, nakuamini. Amesema nini?"

Muuguzi alimtazama Nyuki aliyelala. Alitazama nyundo, na nywele zilizonata pale.

"Maji, kaka yangu."

"Maji, mzee," alisema Kinyozi, akiushikilia mkono wake uliopasuka.

"Maji," alisema mwenye kaunta.

"Maji. Ni maji," walisema wengine, mmoja baada ya mwingine, ukuta mzima. Watu ambao hawajawahi kukubaliana kuhusu joto, kiingilio wala choo, leo walikuwa na neno moja. Komeo alihisi machozi yanamjaa. Angeweza kuwabusu miguu.

Fundi Bati alihesabu sauti zile kwa macho, akafika mwisho wa ukuta, akasimama.

"Wewe hujasema."

Karani alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wewe ndiye pekee uliyeniambia ukweli huku ukiijua bei yake," alisema Fundi Bati, akasogea mpaka wakakaribiana nyuso. "Na ukweli wako ndio ulionionyesha muuaji. Nakuuliza kwa heshima, ndugu yangu. Yule binti amesema nini?"

Mchumba wake alikuwa amemshika mkono kwa mikono miwili, anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka. Komeo alimtazama Karani. Hakuwahi kumwomba mtu kitu pale mlangoni kwake. Sasa alimwomba kwa macho yote mawili, lililo zima na lililovimba.

Karani alijitoa mkononi mwa mchumba wake kwa upole. Aliinua mikono yake, akakutanisha viganja kifuani, kisha akavitenganisha taratibu, kila kimoja upande wake.

"Hii," alisema, "ni mlango."